Kitabu cha Bibi Yaga kimerudi, na mama mkwe anataka kichomwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 45, naishi na mume wangu na watoto wetu watatu katika kijiji kimoja karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe. Jambo langu ukilitazama kwa nje ni dogo, ni kitabu tu, lakini limeniondolea usingizi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na kitabu kimoja cha picha alichokinunua Dar es Salaam alipokwenda kwenye semina, mwaka 1986 au 1987. Kilikuwa cha Kiingereza, nasi Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo alikuwa akitusomea kwa Kiswahili huku akitufunulia picha, usiku, mvua ikipiga bati. Kilihusu binti aliyefiwa na mama yake, kisha mama wa kambo akamtuma msituni kuomba moto kwa kizee mmoja aitwaye Bibi Yaga. Bibi Yaga alikuwa akisafiri ndani ya kinu. Alikisukuma kwa mchi, na nyuma yake akifuta njia kwa ufagio ili isijulikane alikopita. Nyumba yake ilisimama juu ya miguu ya kuku. Binti alipewa kazi ya kuchambua nafaka usiku kucha, akasaidiwa na mwanasesere mdogo aliyeachiwa na marehemu mama yake. Mwishowe alipewa moto, akarudi nao nyumbani, mama wa kambo akamwomba radhi, wakasonga ugali. Kaka yangu na mimi tulikuwa tukimalizia kwa sauti: "Wakala, wakashiba, wakalala!"

Baba alifariki mwaka 1999 na kitabu hatukukiona tena. Nimekitafuta miaka yote hii. Nimewauliza wauza vitabu wa Mwanjelwa, nimetafuta "Bibi Yaga" kwenye simu, sikupata kitu. Nikaanza kuamini kwamba baba alijitungia.

Mwezi Juni mama naye alitutoka. Baada ya matanga tulifungua sanduku lake la bati, na chini kabisa, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo, kikawa pale, kimefungwa ndani ya khanga. Jalada halipo. Kimeota ukungu. Picha zimezungushiwa nakshi za maua na uyoga, na ukurasa mmoja chini una maandishi madogo yenye herufi R iliyogeuzwa nyuma mbele. Kurasa za mwisho hazipo, na hazikuchanika. Zimekatwa kwa wembe, vimebaki vipande vyembamba kwenye mshono. Nililia, Shangazi, kuliko nilivyolia makaburini.

Nikaanza kumsomea binti yangu wa mwisho, wa miaka saba. Siku hizi Kiingereza nakielewa kiasi, na nikakuta kitabu kinamwita yule kizee mchawi, waziwazi, neno ambalo sikumbuki kulisikia kwa baba. Nikamsomea hivyo hivyo, mchawi. Mtoto amekipenda mno, analala nacho.

Taabu ilianza alipokuja mama mkwe kutoka Kyela. Alifunua ukurasa wenye uzio wa mifupa na mafuvu ya watu yanayowaka macho, akakitupa chini. Anasema ni kitabu cha kichawi, ndiyo maana marehemu mama alikificha, na kichomwe moto. Wenzake wa kikundi cha maombi wamesema vivyo hivyo. Mume wangu yuko katikati: usiku ananiambia nikifiche, asubuhi anamwambia mama yake kwamba nitakichoma.

Kuna na jingine, sijui kama linahusiana. Jirani yetu ni bibi anayeishi peke yake chini ya mparachichi, wanawe wako Mbeya mjini na Tunduma. Kinu chake hukaa nje, na macho yake ni mekundu. Binti yangu ameanza kumwita Bibi Yaga, na wenzake wamedaka. Wanarusha kokwa za parachichi juu ya bati lake kisha wanakimbia. Nimemkaripia. Lakini juzi bombani mama mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, eti ni kweli mwanao alimwona yule bibi akiruka na kinu?

Naomba unisaidie mawili. Kitabu hiki ni kipi? Na je, nikichome ili nyumba itulie, au nikitunze?

Mama wa Rungwe

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kitabu chako nakijua, na nitakueleza. Lakini barua yako ilinisimamisha pale bombani na bado sijabanduka. Wewe hilo umeliandika mwisho, kwa mistari michache, ukasema hujui kama linahusiana. Mimi nalianza nalo.

Nilipokuwa na miaka minane kijijini kwetu Makete, palikuwa na bibi mmoja tuliyekuwa tukimwimbia wimbo tukipita kwake kwenda shule. Wimbo tuliutunga wenyewe, watoto. Ulisema usiku anapanda ungo. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Baadaye tukausikia wimbo ule ule ukinong'onwa na watu wazima kilabuni, na sasa haukuwa tena wimbo, ulikuwa habari. Alipofariki mtoto wa jirani kwa homa, nyumba ya bibi yule ilichomwa usiku. Yeye alipona, mwanawe akaja kumchukua, na hakurudi. Hakuna mtu mzima aliyetuuliza sisi watoto lolote. Nina miaka 63 sasa, na wimbo ule ninao kichwani wote, kuanzia mstari wa kwanza.

Kwa hiyo yule mama wa bombani usimwache hivi hivi. Nenda kwake nyumbani, leo au kesho, ukiwa na kitabu mkononi. Mfunulie ule ukurasa wa kinu. Mwambie: "Mwanangu aliona picha hii, hakumwona jirani yetu." Mwambie kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wengine wa nyumba yake. Neno lililoanza kwa kunong'onwa halizimwi kwa kunong'ona. Kisha mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji, na kama uvumi umeshasambaa, afisa ustawi wa jamii wa kata naye ajue. Wanawe bibi wapigieni simu, Mbeya na Tunduma si mbali. Huku siko kukuza mambo. Katika nchi hii, hasa kule Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi kavu. Mama yangu mzazi alikuwa na macho hayo hayo. Makete ni baridi, moto jikoni ulikuwa hauzimwi kutwa, naye alipika mbele yake kwa zaidi ya miaka 40. Mweleze binti yako hilo la moshi. Ana miaka saba, anaelewa. Mlete hata jikoni, mwonyeshe macho yako mwenyewe yanavyotoa machozi kuni zikiwa mbichi.

Sasa kitabu.

Ile R iliyogeuzwa ni herufi ya Kirusi, husomwa "ya". Miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya uchapishaji ya Moscow, kama Progress na baadaye Raduga, yalileta vitabu vingi Tanzania, vingine kwa Kiingereza na vingine kwa Kiswahili, na bei yake hata mwalimu wa shule ya msingi aliimudu. Hadithi yako ni ya Vasilisa, na yule kizee ni Baba Yaga. Ndiyo maana hukumpata. Kwa Kirusi "baba" ni neno la zamani la mwanamke, hasa mwanamke wa kijijini au mzee. Baba yako angewasomea hivyo hivyo mngemuuliza mbona baba amevaa gauni, akambadilisha jina palepale: Bibi Yaga. Jina ulilokuwa ukilitafuta kwenye simu lilikuwa la nyumbani kwenu tu.

Wala hadithi si mpya. Aleksandr Afanasyev aliichapa katika mkusanyiko mkubwa wa ngano za Kirusi uliotoka kati ya 1855 na 1863, na wakulima walikuwa wakiisimulia kabla ya hapo. Nakshi za pembeni ulizozitaja ni mtindo wa mchoraji Ivan Bilibin, aliyeanza kuzichora ngano hizi mwaka 1899. Picha yake inayojulikana sana ni Vasilisa akitoka kwa Baba Yaga usiku, ameshika kijiti chenye fuvu juu yake, na macho ya fuvu yanamulika njia.

Tafuta pia kurasa zenye wapanda farasi watatu, mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Ni mapambazuko, jua na usiku, wanapita mlangoni kwa yule kizee. Ukizipata, kaa hapo na mtoto kwa muda mrefu.

Nakuja kwenye wembe. Kurasa zilizokatwa nazijua zilikuwa na nini, maana mwisho uliousimulia wewe haumo katika ngano hii. Katika ngano, Vasilisa anafika nyumbani na lile fuvu, na fuvu linawakodolea macho mama wa kambo na binti zake popote wanapokimbilia, linawaunguza mpaka asubuhi wanabaki majivu. Hakuna msamaha, na hakuna ugali. Ule ugali ni wa baba yako. Naona mwalimu amekaa na watoto wawili wadogo, mvua inanyesha, ana kitabu kizuri kuliko chochote alichowahi kumiliki, na mwisho wake hautaki uingie nyumbani mwake. Akachukua wembe. Na kama ulivyosema, neno mchawi hukulisikia kwake. Kitabu kilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, alikuwa akiliona kila ukurasa na kuliruka, kila usiku, kwa miaka. Mtu wa Rungwe anajua neno hilo lina uzito gani likimwangukia mtu mwenye nyumba na jina.

Wewe umelisoma kama lilivyoandikwa. Sikulaumu, ulikuwa unasoma kwa uaminifu na kwa majonzi. Ila kuanzia leo msomee alivyosoma babu yake. Bibi Yaga, kizee wa msituni kule Urusi, mkali, mwenye njaa, ambaye ukienda kwake kwa adabu na ukafanya kazi anakupa ulichokifuata. Akiwa mkubwa, miaka 12 au 13, mweleze na neno lenyewe, na majivu, na kwa nini babu alikata. Naamini ataipenda hadithi ya wembe kuliko ya kinu.

Usikichome, mwanangu. Lakini pia usikifiche, maana ukikificha unakubali kwamba kina cha kufichwa, na mama mkwe atakuwa amepata ushahidi wake. Yeye si adui. Anatoka katika nyanda hizi kama mimi na wewe, na hatujasahau mwanzoni mwa 2019 watoto walivyouawa Njombe, na imani za kishirikina zikatajwa. Mwanamke aliyeishi na hofu hiyo akiona mafuvu yanawaka kwenye kitabu anacholalia mjukuu wake, afanye nini? Mheshimu kwa hofu hiyo. Muombe mkae wawili, bila kikundi na bila mumeo, umsomee mwenyewe hadithi nzima kwa Kiswahili. Hajaisikia, ameona picha moja tu.

Ukifika mahali Baba Yaga anapomuuliza binti amewezaje kumaliza kazi zote zile, soma polepole. Binti anajibu kwamba baraka za mama yake ndizo zimemsaidia. Na hapo kizee anamfukuza, hataki mtu mwenye baraka akae chini ya dari lake. Msikilizishe mama mkwe hapo. Nina hakika katika maombi yake amewahi kusema maneno yanayokaribiana na hayo. Atakuuliza kuhusu mwanasesere, kwamba si hirizi hiyo? Ni swali la haki, na usilikwepe kwa kucheka. Mwambie wewe unavyomwona: kitu kidogo alichoachiwa mtoto yatima na mama yake anayekufa, amkumbuke na asijione yuko peke yake. Wewe mwenyewe mwezi Juni ulifungua sanduku ukakuta khanga imefungwa. Mama yako hakukificha kitabu. Aibu huifungi ndani ya khanga na kuiweka pamoja na vyeti vya ubatizo vya wanao.

Mumeo zungumza naye mwisho, kwa ufupi, na umuombe jambo moja tu: asimwambie mama yake maneno ambayo hujayasema.

Na kitabu chenyewe kinaumwa. Mtoto asilale nacho, ukungu si kitu cha kuvuta usiku kucha. Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sanduku la bati lililokaa sakafuni hutoa jasho kwa ndani. Kianike kivulini penye upepo, kimesimama, kurasa zimeachana kidogo. Juani rangi zitakimbia na karatasi itakakamaa. Kikikauka kabisa, toka nacho nje, funga kitambaa mdomoni na puani, upanguse ukungu kwa brashi laini kavu. Maji usiguse. Kati ya kurasa weka karatasi nyeupe, si gazeti, wino wake huhama. Solotepu usiipeleke karibu, baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka. Kikae kwenye boksi la karatasi ngumu, kabatini, mbali na ukuta wa nje. Mtoto mpigie picha kila ukurasa, nenda steshenari ya Tukuyu wakutolee nakala za rangi, azichezee hizo mpaka zichakae.

Ila kuna kitu adimu kuliko kitabu. Ngano ya Vasilisa imechapwa mara nyingi duniani, ukitafuta sasa kwa jina lake utaipata. Alivyoisimulia baba yako haiko popote ila kwenye vichwa viwili, chako na cha kaka yako. Mwite kaka, au mpigie jioni moja, muikumbuke sentensi kwa sentensi, uiandike kwenye daftari. Andika na "Wakala, wakashiba, wakalala." Daftari hilo lilale ndani ya kile kitabu, mahali zilipokatwa kurasa.

Nimebakiza bibi wa mparachichi. Kumkaripia mtoto hakutoshi, kwa sababu hajui bado ni nani aliyemkosea. Jumamosi mchukue mwende kwake, wewe na yeye. Beba sukari na sabuni, kama unavyomwendea mkubwa yeyote. Mtoto aamkie mwenyewe kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi," na aombe radhi kwa kinywa chake kwa zile kokwa na kwa lile jina. Usimjibie. Halafu msiondoke. Kaeni jikoni kwake, mumenyee ndizi, mumpe mtoto mchi atwange kidogo aone unavyolemea. Watoto wengine wakipita njiani wamwone yuko pale.

Mkiaga, muombe bibi moto. Najua unazo njiti za kiberiti nyumbani, na pengine gesi. Muombe hata hivyo, kama mama zetu walivyotutuma zamani kwa jirani na kigae mkononi. Bibi atakuchagulieni kaa zuri. Wewe shika kigae, mtoto atangulie mbele akifungua njia na akiwaambia wenzake wapishe, na mkifika nyumbani mpikie mama mkwe chai kwa moto huo.

Shangazi